Maoni na Kuona: Uzito wa Kauli za Mpenzi wa Teknolojia

Utangulizi

Katika bweni lolote la chuo kikuu hapakosi mtu mmoja anayejulikana na wote kuwa mpenzi wa teknolojia. Ndiye anayetafutwa rununu ya mwenzake inapogoma, ndiye anayeulizwa tarakilishi ipi inafaa kununuliwa, na jioni, chai inapomiminwa, ndiye anayelishika gumzo na kulielekeza atakako. Hajifungi katika uwanja mmoja. Akitoka kwenye teknolojia huingia katika sayansi, akitoka huko huwashauri wenzake kuhusu siha na mazoezi, kisha akamalizia kwa burudani. Maneno yake ni matamu na aghalabu yana faida. Wenzake hawamdai ushahidi, naye hawapi. Hilo si kosa, kwani gumzo si mahakama.

Hata hivyo, maneno ya gumzo hayalali pale yaliposemwa. Huchukuliwa na msikilizaji, yakafika nyumbani, darasani na hata redioni, na njiani hupoteza sauti ya utani iliyoandamana nayo. Hatimaye mtu asiyemjua msemaji huyafuata katika kununua, katika kula na katika kuutunza mwili wake. Zichukuliwe kauli nne ambazo mpenzi wa teknolojia anaweza kuzitoa katika kikao kimoja:

(a) Tarakilishi huongezeka nguvu maradufu kila baada ya miezi 18.
(b) Rununu husababisha saratani ya ubongo.
(c) Asiyetembea hatua 10,000 kwa siku hana afya.
(d) Muziki wa santuri una sauti bora kuliko muziki wa dijitali.

Kisarufi, kauli hizi zote zimevaa vazi moja. Kila moja inaarifu jambo bila shaka, bila sharti na bila kumtaja anayelisema. Lakini uzito wake haulingani hata kidogo. Ya kwanza ilianza kama utabiri wa mtu mmoja, ya pili ni tahadhari iliyovuliwa tahadhari yake, ya tatu ilianzia katika jina la bidhaa, na ya nne ni suala la mapenzi lililojivika joho la kipimo. Makala haya yanadhamiria kueleza kila kauli ilitoka wapi, inabeba ukweli kiasi gani, na Kiswahili kina vyombo gani vya kuonyesha tofauti hizo.

Neno "Maoni" na Jamaa Zake

Kabla ya kuzipima kauli zenyewe, inafaa kulitazama jina la jumla ambalo huitwa, yaani maoni. Nomino hii imenyambuliwa kutokana na kitenzi -ona. Kwa asili yake, basi, maoni ni yale ambayo mtu ameyaona. Hali kadhalika, neno rai limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi unaomaanisha kuona, nalo neno nadharia limetokana na mzizi wa Kiarabu unaomaanisha kutazama. Maneno haya matatu yamefika katika Kiswahili kwa njia tofauti, lakini yote yanakutana kwenye jicho. Anayesema "naonelea" anadokeza, apende asipende, kwamba kuna kitu alichokitazama.

Kwa upande mwingine, kuna dhana na kitenzi chake -dhani. Mzizi wake katika Kiarabu hauhusu kuona bali kukisia na kushuku. Katika Kiswahili cha kitaaluma neno dhana limepanda cheo likawa na maana ya wazo la msingi katika fani fulani, ilhali katika mazungumzo ya kawaida bado linabaki na maana ya jambo linalofikiriwa tu. Chini zaidi kuna fununu, tetesi na uvumi. Hili la mwisho limetokana na -vuma, kitenzi kinachotumika kwa ngoma na upepo. Uvumi husikika, hauonekani.

Lugha, kwa hivyo, imekwisha kuweka ngazi yake: juu kuna yakini, chini yake maoni na rai zilizotokana na kutazama, kisha dhana, na chini kabisa uvumi. Tatizo la kauli nne zilizotajwa hapo juu si kwamba zote ni za uongo. Tatizo ni kwamba zote zimesimamishwa kwenye kidato cha juu, pasipo kuulizwa zilipandaje hadi huko.

Teknolojia: Utabiri Ulioitwa Sheria

Kauli ya kwanza ina historia iliyo wazi. Mwezi Aprili 1965, Gordon Moore, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika kampuni ya Fairchild Semiconductor huko Marekani, aliandika makala katika jarida la Electronics. Alitazama idadi ya vijenzi vilivyoweza kuwekwa kwenye chipu moja kwa gharama nafuu zaidi, akaona kwamba idadi hiyo ilikuwa ikiongezeka maradufu takriban kila mwaka. Akiwa na takwimu za miaka michache tu, alivuta mstari mbele na kutabiri kwamba kufikia mwaka 1975 chipu moja ingebeba vijenzi vipatavyo 65,000.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, Moore hakuzungumzia "nguvu" wala "kasi" ya tarakilishi. Alizungumzia idadi ya vijenzi na gharama yake. Pili, hakutaja miezi 18. Mwaka 1975, baada ya kutazama tena, aliurekebisha utabiri wake na kusema kwamba idadi ingeongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili. Miezi 18 hunasibishwa na David House, aliyekuwa afisa wa kampuni ya Intel, ambaye alikuwa akikadiria utendaji wa tarakilishi kwa jumla: vijenzi vingi zaidi pamoja na kasi kubwa zaidi. Kauli ya bwenini, basi, imeunganisha jina la mmoja na hesabu ya mwingine.

Jina lenyewe, ambalo kwa Kiswahili hutafsiriwa wakati mwingine kuwa "Sheria ya Moore" na wakati mwingine "Kanuni ya Moore", halikutolewa na Moore. Lilienezwa na mwanasayansi Carver Mead. Hapa mwanafunzi wa tafsiri ana jambo la kulifikiria. Sheria hutungwa na mwenye mamlaka, na anayeivunja huadhibiwa. Kanuni, katika vitabu vya fizikia, ni jinsi maumbile yanavyokwenda bila kuamriwa na mtu. Alilolisema Moore halimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Maumbile hayakuahidi kuongeza transista kwenye chipu. Walioziongeza ni wahandisi, kwa jasho na kwa fedha nyingi, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya chipu vilipanga ratiba za pamoja zilizoufanya utabiri huo kuwa lengo la kufikiwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno "utabiri", au hata "lengo", lingekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko "sheria".

Aidha, kauli yenyewe imepitwa na wakati. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300, ilhali chipu za leo zina mabilioni. Kwa idadi, ongezeko lilikuwa la ajabu kweli. Lakini katikati ya miaka ya 2000 kasi ya vichakato iliacha kupanda kwa mtindo wa awali, kwa kuwa joto lililozalishwa lilikuwa haliwezi tena kuondolewa kwa urahisi. Watengenezaji wakageukia kuweka vichakato kadhaa ndani ya chipu moja. Anayenunua tarakilishi mpya leo kwa kuamini kwamba itakuwa na kasi maradufu ya ile aliyoinunua mwaka mmoja na nusu uliopita ananunua kwa kutegemea kauli ambayo hata mwenyewe aliyehusishwa nayo hakuisema.

Pamoja na hayo, Moore anastahili heshima katika mjadala huu. Alichokitoa mwaka 1965 kilikuwa maoni, lakini kilikuwa maoni kwa maana kamili ya neno. Alionyesha alichokitazama, akataja idadi, akataja na mwaka. Yeyote angeweza kuhesabu mwaka 1975 na kumwambia kama alipatia au alikosea.

Sayansi: Tahadhari Iliyopoteza Neno Moja

Kauli ya pili inahusu hofu, na hofu husafiri haraka kuliko hesabu. Chanzo chake kinachotajwa mara kwa mara ni tangazo la mwezi Mei 2011 la taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. Taasisi hiyo iliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo yatumiwayo na rununu, katika kundi linaloitwa 2B. Maana ya kundi hilo ni vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini ushahidi wake ni haba.

Ili kulielewa jambo hili, sharti ijulikane kwamba makundi hayo hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima nguvu ya ushahidi. Kitu kinaweza kuwa katika kundi la juu kabisa kwa sababu ushahidi wake ni thabiti, hata kama hatari yake kwa mtu mmoja ni ndogo. Katika kundi hilohilo la 2B mna mboga zilizotiwa chumvi na kuvundikwa kwa mtindo wa jadi wa Asia, na pia dondoo la jani zima la mshubiri, mmea unaotumiwa katika dawa nyingi za kienyeji. Kahawa nayo iliwahi kuwemo mwaka 1991 kwa kushukiwa kuhusika na saratani ya kibofu. Mwaka 2016 iliondolewa, kwa kuwa ushahidi uliokusanywa haukuiunga mkono shuku hiyo.

Fizikia nayo ina la kusema. Mionzi kama ile ya eksirei ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na hivyo kuweza kuharibu vinasaba. Mawimbi ya rununu hayana nishati hiyo. Athari yake inayojulikana vyema ni kupasha tishu joto kidogo, na viwango vya matumizi huwekwa kwa kuzingatia joto hilo. Mwaka 2024 yalichapishwa mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyozikusanya tafiti 63 zilizofanywa miongoni mwa watu kati ya 1994 na 2022. Mapitio hayo hayakupata uhusiano kati ya matumizi ya rununu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia kwa miaka kumi na zaidi.

Msomaji wa Kiswahili atazame yaliyotokea kati ya tangazo na bweni. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Mawimbi ya rununu huenda yakasababisha saratani." Sentensi iliyofika bwenini ni: "Rununu husababisha saratani." Lililodondoka njiani ni neno moja tu, huenda. Lakini neno hilo ndilo lililobeba mzigo wote wa tangazo. Likiondolewa, kinachobaki si muhtasari wa habari ile. Ni habari nyingine. Mtangazaji anayetafsiri habari kwa haraka dakika tano kabla ya kuingia hewani anaweza kulidondosha kwa sababu tu sentensi fupi husomeka vizuri zaidi.

Siha: Hesabu Iliyozaliwa katika Jina

Kauli ya tatu ndiyo inayogusa maisha ya watu wengi zaidi siku hizi, kwa kuwa rununu na saa za mkononi huhesabu hatua za mwenye nazo na kumpongeza au kumsuta jioni. Hatua 10,000 zimekuwa kama nguzo ya dini ya siha. Ni nani aliyeziweka?

Jibu linapatikana nchini Japani. Baada ya michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka 1964, hamu ya mazoezi ilipanda miongoni mwa Wajapani. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ilitoa kifaa kidogo cha kuhesabia hatua, cha kuvaliwa kiunoni, ikakiita Manpo-kei. Jina hilo lina vipande vitatu: man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Kwa ufupi, "kipimo cha hatua elfu kumi". Hesabu hiyo haikutokana na utafiti uliogundua kwamba hatua 9,000 hazitoshi au kwamba 11,000 zimezidi. Ilikuwa hesabu ya mviringo, rahisi kukumbukwa, na yenye kuvutia katika jina la bidhaa.

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa na sababu ya kuwa mviringo. Katika Kijapani elfu kumi ina neno lake pekee, man, kama vile katika Kiswahili laki moja ilivyo na neno lake lisilohitaji kusemwa "elfu mia moja". Kila lugha ina vituo ambapo hesabu hupumzika. Lau kifaa kile kingalibuniwa na Waswahili, huenda kisingaliitwa kwa jina la elfu kumi. Maana yake ni kwamba lengo linalofuatwa na mamilioni ya watu ulimwenguni lilitokana, kwa kiasi fulani, na mfumo wa kuhesabu wa lugha moja.

Utafiti ulikuja baadaye sana. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo yaliyohusu wanawake 16,741 nchini Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Wanawake hao walivaa vifaa vya kupima mwendo, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka minne. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na kiwango cha vifo kilichopungua kwa asilimia 41 wakilinganishwa na waliotembea kama hatua 2,700. Kiwango kiliendelea kushuka kadiri hatua zilivyoongezeka, hadi kufikia takriban hatua 7,500, ambapo kilitulia. Matokeo haya nayo yana mipaka: yanahusu wanawake wazee wa nchi moja, na yanaonyesha uhusiano, hayathibitishi peke yake kwamba hatua ndizo zilizozuia vifo. Inawezekana kwamba baadhi ya waliotembea kidogo walifanya hivyo kwa kuwa walikuwa tayari na maradhi, ingawa watafiti walijaribu kulizingatia hilo.

Kuna jambo la kibinadamu katika tarakimu hizi. Fikiria bibi wa miaka 70 aliyepewa rununu na mjukuu wake, akaambiwa kwamba asiyefikisha hatua 10,000 hana afya. Anatembea hadi kisimani, sokoni na kwa jirani, na jioni rununu inamwonyesha 3,000. Akiamini kauli ya bwenini, atajiona ameshindwa, na aliyeshindwa huacha. Lakini tofauti kubwa katika utafiti ule ilipatikana pale chini, kati ya wale wa 2,700 na wale wa 4,400. Kwa bibi huyo, kuongeza kidogo juu ya mwendo wake wa kila siku ndilo jambo lenye matumaini zaidi. Kauli iliyokusudiwa kumhimiza ndiyo inayoweza kumkatisha tamaa.

Fauka ya hayo, kifaa chenyewe hakioni hatua. Ndani yake mna kihisio kinachopima mchapuko, yaani mabadiliko ya mwendo, na programu inayotafuta mdundo unaofanana na wa kutembea. Mkono ulioshika mkokoteni haubembei, kwa hivyo saa iliyovaliwa kwenye kifundo chake inaweza kuziacha hatua nyingi bila kuzihesabu. Anayelima kutwa nzima akiwa amesimama kwenye tuta moja anaweza kuonekana mvivu. Kinachosomeka kwenye kioo ni makisio, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu kamili.

Burudani: Mapenzi na Kipimo

Kauli ya nne inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza linaweza kupimwa. La pili haliwezi.

Santuri ina nafasi tukufu katika historia ya Uswahilini. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akarekodi taarabu kwa Kiswahili, na sauti yake ikaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki kupitia santuri. Katika santuri, mawimbi ya sauti huchongwa kama mfereji mwembamba, na sindano inayopita ndani ya mfereji huo huurudisha mtikisiko uleule. Katika sahani za dijitali, zilizoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, wimbi hupimwa mara 44,100 kila sekunde na vipimo hivyo kuhifadhiwa kama tarakimu. Wengi hudhani kwamba kati ya kipimo kimoja na kingine sauti imepotea. Hisabati inaonyesha vinginevyo: ukipima kwa kasi inayozidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa unaohitajika, wimbi lote linaweza kujengwa upya. Sikio la binadamu mwenye usikivu mzuri husikia hadi kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, na maradufu ya hiyo ni 40,000. Kwa uaminifu wa kuirudisha sauti iliyorekodiwa, basi, sahani ya dijitali inaishinda santuri, ambayo huongeza mikwaruzo yake na huchakaa kila inapochezwa.

Muundo wa MP3, uliokamilishwa nchini Ujerumani na kupewa jina lake mwaka 1995, ni suala jingine. Huo hutupa sehemu ya sauti kwa makusudi, kwa kutegemea udhaifu wa sikio: ngoma kubwa inapolia, mnong'ono ulio kando yake hausikiki, kwa hivyo hakuna haja ya kuuhifadhi. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wabunifu wake, aliutumia wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner kuwa mtihani, kwa kuwa sauti ya mwanamke huyo bila ala yoyote ilionyesha kila dosari. Njia ya kuaminika ya kupima kazi kama hii ni kumpa msikilizaji nakala mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, bei ya mtambo wake haiwezi kumsaidia.

Baada ya vipimo vyote hivyo, bado kuna linalobaki. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, santuri zilizouzwa Marekani zilizizidi kwa idadi sahani za dijitali. Wanunuzi hao si wajinga wa hisabati. Wanapenda jalada kubwa, wanapenda kuishika sahani mkononi, wanapenda hata ile mikwaruzo inayowakumbusha sebule ya wazazi wao. Kipendacho moyo ni dawa, wala hapana kipimo cha kumpinga anayesema "naipenda santuri". Anapobadilisha kitenzi na kusema "santuri ni bora", hapo ndipo anapoingia uwanja mwingine na kupaswa kueleza: bora kwa lipi?

Vyombo vya Lugha

Kutokana na mifano hii, vipengele kadhaa vya Kiswahili vinajitokeza kuwa ndivyo vinavyopandisha au kushusha uzito wa kauli.

Cha kwanza ni mofimu hu-. Kitenzi chenye hu- hakibebi kiambishi cha nafsi wala hakitaji wakati mahususi. "Husababisha" ni jana, leo na kesho. Ni mofimu ya methali na ya maumbile: jua huchomoza, mtoto hulia. Mpenzi wa teknolojia anapoitumia kwa jambo lililotazamwa mwaka mmoja, mahali pamoja, analipa jambo hilo umri wa methali.

Cha pili ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. "Imethibitishwa kwamba..." ni sentensi iliyofunga mlango. Anayeifungua humwuliza msemaji: imethibitishwa na nani, lini, kwa watu gani? "Inasemekana" nayo humficha msemaji, lakini angalau inakiri kwamba ni maneno tu yaliyosemwa.

Cha tatu ni kijineno eti, au ati. Kwa silabi mbili tu, msemaji huwasilisha habari na papo hapo kujitenga nayo. Hiki ni chombo cha thamani kubwa, ingawa kina kasoro yake katika maandishi rasmi: hakielezi shaka pekee, huongeza na kejeli.

Cha nne ni vielezi vya uwezekano: labda, huenda, yamkini. Historia ya labda ni funzo tosha. Katika Kiarabu maneno yaliyolizaa yana maana ya jambo lisiloepukika, maana ambayo bado inasikika katika "sina budi". Katika Kiswahili limegeuka kuwa neno la shaka. Ikiwa neno moja linaweza kuvuka kutoka yakini hadi shaka, si ajabu kwamba kauli nzima inaweza kuvuka kutoka shaka hadi yakini, bila ya wasemaji kutambua.

Kwa kutumia vyombo hivi, kauli zile nne zinaweza kusemwa upya. Idadi ya vijenzi vya chipu iliongezeka maradufu takriban kila miaka miwili kwa miongo kadhaa, kama Moore alivyotabiri mwaka 1975. Rununu zilishukiwa mwaka 2011 kuwa huenda zikasababisha saratani, lakini tafiti zilizokusanywa kufikia 2022 hazikuonyesha uhusiano na saratani ya ubongo. Kwa wanawake wazee waliofuatiliwa Marekani, hatua chache za ziada ziliandamana na vifo vichache zaidi, na faida ilitulia karibu na hatua 7,500. Santuri inapendwa na wengi, ingawa dijitali huirudisha sauti kwa uaminifu zaidi. Kauli hizi ni ndefu kidogo kuliko zile za awali, lakini zimebeba wakati, mahali na kadiri, na bado zinaweza kusemwa kwenye chai.

Hitimisho

Methali husema, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba methali hii ni kweli nusu. Katika kila kauli kulikuwa na kitu: utabiri, tahadhari, bidhaa, mapenzi. Kilichokosekana ni kuulizwa kile kilichopo ni kitu gani hasa, na kiko wapi.

Haifai kumnyamazisha mpenzi wa teknolojia. Udadisi wake ndio unaowafikisha wengi kwenye maarifa ambayo wasingeyatafuta wenyewe, na Moore mwenyewe alianza kwa kukisia. Kinachotakikana ni maoni yaliyo mwaminifu kwa mzizi wake, yaani yanayoonyesha yalichotazama ili na mwingine atazame. Jukumu hili linawaelemea zaidi wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa baadhi yao ndio watakaotafsiri habari za sayansi, watakaozisoma redioni na watakaozifundisha shuleni. Siku mmoja wao atakapokuwa na sentensi yenye huenda mbele yake, na nafasi ya kuifupisha, afya ya bibi yule mwenye hatua 3,000 itakuwa inategemea kama neno hilo litabaki au litafutwa.